Winga Kanitangulia

Nina duka la kanga Kariakoo, na tangu mwaka uanze sijapata mtu wa kunishauri jambo jingine zaidi ya kuingia mtandaoni. Muuza kahawa kanishauri. Fundi wa feni kanishauri, tena akiwa juu ya ngazi yangu, na feni hadi leo haizunguki. Yule kijana wa bodaboda ninayemdai elfu mbili tangu Ramadhani, naye ananiambia ninakosa wateja.

Aliyezidi wote ni mpwa wangu. Kasomea biashara chuoni na hajawahi kuuza hata kashata. "Mjomba, unachelewa. Wenzako wote wana kurasa."

Nikamjibu kwa hoja, si kwa hasira. Nikamwambia: Jumia, kampuni iliyoanzia Nigeria mwaka 2012, yenye mitaji ya wazungu, mwaka 2019 ilifunga biashara hapa Tanzania ikaondoka. Sasa mimi, mwenye ngazi moja na mkasi, nitaweza wapi?

"Soko la Kariakoo nalo liliungua 2021," akasema, "mbona wewe hukurudi kijijini?"

Mtoto wa dada akishakujibu hivyo, unaomba chai.

Kilichonitoa ndani si hoja zake. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Kimara, amechoka, jua limempiga, akanyoosha simu. "Baba, naitaka hii ya zambarau." Nikavaa miwani. Kwenye picha niliiona rafu yangu, nikaiona chupa yangu ya chai yenye kifuniko cha kuazima, na pembeni ukaonekana mkono wenye saa ninayoifahamu, kwa sababu ni mkono wangu. Chini pameandikwa: mzigo mpya umetua, zimebaki chache, shilingi 25,000. Mimi doti hiyo nauza 15,000.

Kwa msiojua Kariakoo, winga ni kijana asiye na duka, asiye na mzigo wala mwenye nyumba wa kumdai kodi. Mtaji wake ni miguu, mdomo na simu. Anakukamata mtaani, anakuleta dukani kwangu, anakuongezea bei mbele ya macho yangu, na tofauti inaingia mfukoni mwake. Hilo nalijua na tumeishi nalo. Nisilolijua ni kwamba huyu wa mlangoni kwangu, niliyempa kigoda na kikombe, kumbe muda wote huo ananipiga picha. Duka langu limekuwa mtandaoni siku nyingi tu. Aliyekuwa hana habari ni mwenyewe.

Basi nikaingia, kwa wivu, sioni aibu kusema.

Nikaanza na statasi ya WhatsApp, maana mpwa alisema haina gharama. Nikapiga picha kanga moja nzuri, mji na pindo vinaonekana, na jina lake linasomeka vizuri. Jina lenyewe lilikuwa la kumsema mtu anayechungulia sufuria za wenzake. Kabla ya adhuhuri shemeji yangu alikuwa amempigia kaka yangu akilia kwamba nimemwimba mbele ya ukoo mzima. Nikaeleza kwamba ile ni bidhaa. Hakuna aliyenielewa. Statasi inafutika baada ya saa 24; shemeji ana miezi minne hajanipa mkono.

Tukahamia Instagram. Bei nimeiandika kwa herufi nyekundu juu ya picha, na swali la kwanza likawa "Bei?" La pili, "Bei ya mwisho?" La tatu lilikuja saa nane usiku: "Upo?" Nipo wapi, dada yangu, saa nane usiku, kama si kitandani? Mwingine alitaka nimletee doti moja Chanika, na nauli ya boda ilitaka kulingana na kanga yenyewe. Akauliza kama nauli hiyo naweza kuilipa mimi, kama ofa.

Lakini hayo ni ya kawaida. Kilichoniumbua ni ile zambarau. Miaka yote hii daftari langu la stoo ni kichwa changu, na kilinitosha, kwa kuwa mteja akiingia anaona rafu: kipo, hakipo, tumeachana. Wa mtandaoni anaona picha ya Jumanne iliyopita. Mama mmoja wa Dodoma akalipa kwenye lipa namba, nipakie basi la jioni. Nikainuka kuitoa, rafu tupu. Doti ya mwisho niliiuza asubuhi kwa mkono wangu huu, na mnunuzi alikuwa, Mungu anisamehe, winga.

Kati ya washauri wangu wote hakuna aliyewahi kuniuliza: una doti ngapi za zambarau? Wote walinihimiza nisichelewe. Ningeanza siku ile niliyoweza kujibu swali hilo bila kupanda ngazi, hata kama ingekuwa mwakani. Sasa nina daftari la mistari, kila doti inayotoka inafutwa, na mpwa ndiye anayelikagua Jumamosi. Winga nimempa kazi ya kupiga picha, kwa kuwa mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Kigoda nimemnyang'anya.

Lipo moja halijaisha. Yule mama nilimwandikia upesi: "Nitumie namba nikurudishie hela yako." Katika nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", alifanya ambalo hata mimi ningefanya. Alinibloku.

Mama wa Dodoma, mimi si tapeli. 15,000 yako imo kwenye bahasha, ndani ya droo. Nifungulie.