Pijo na Sikio la Kogo

Pijo yetu, pikapu ya 504, ilirudi kutoka kwa fundi Alhamisi jioni. Hedi imefunguliwa, gasketi mpya, maji hayaingii tena kwenye oili, na bonasi ya majani chai imeisha. Ilirudi ikitetemeka. Ukiiwasha nje ya jikoni vyombo vinagongana kabatini, na Kogo, mama mkwe wangu, anashika kikombe kwa mikono miwili.

Ukikanyaga mafuta inatulia, utadhani ni ile 504 ya Ove Andersson iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1975. Ukiachilia tu: tuk, tuk-tuk, kimya, tuk.

“Inamisi,” baba watoto akatangaza. “Plagi moja imelala.”

Akachomoa waya za plagi mojamoja injini ikiwa hai. Ukichomoa na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo mvivu. Umeme ulimrusha mara mbili; nilicheka nikiwa ndani. Waya wa mbele, ulio karibu na rejeta, ulipotoka, Pijo haikujali.

Jumamosi alfajiri akatoka, akaniachia maagizo: kijana wa jirani akija, abadilishe plagi namba moja. Nikayafikisha neno kwa neno. Plagi za 504 zimezama kwenye mirija mirefu kama visima, hivyo kazi ilichukua muda. Akabadilisha ya nyuma kabisa.

“Nilisema namba moja!” baba watoto akafoka aliporudi.

“Hiyo ndiyo namba moja, mzee. Pijo huhesabiwa kutoka kwa flaiwili.”

Wakabishana hadi saa nne. Kijana alikuwa sahihi, lakini nani angekubali hilo mbele ya mkewe? Wakati huo magunia yangu manne ya majani yalikuwa verandani. Ukitia mkono ndani unasikia joto, na majani yakishageuka mekundu karani wa kituo hayachukui. Nikaazima punda.

Niliporudi, plagi mpya ilikuwa imehamishiwa mbele. Pijo bado ilitetemeka.

“Hii gari inapumua,” Kogo akasema kutoka kwenye kigoda chake. Ilikuwa mara ya tatu kusema hivyo tangu Alhamisi. Tulidhani ni uzee.

Kijana peke yake ndiye aliyemsikiliza. Akakata kipande cha mpira wa kunyweshea ndama, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha polepole juu ya injini. Akasimama ghafla. Ssss. Ni ule mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwa busta ya breki. Ulisukumwa kando hedi ilipokuwa ikitolewa, ukapasuka upande wa chini ambako jicho halifiki. Injini ilikuwa inavuta hewa isiyopitia kwa kabureta. Ukikanyaga mafuta hewa hiyo ni kidogo, haisumbui. Ukiachilia, inaharibu mchanganyiko wote.

Na mimi Ijumaa, kwenye mteremko wa kituoni, nilikuta breki ngumu kama jiwe. Niliposema, niliambiwa nikanyage kwa nguvu.

Kijana akafunga blada mahali pale. Vikombe vikanyamaza. Nikachukua funguo, nikazitia mfukoni hadi mpira mpya ununuliwe. Mteremko ule siushuki na blada.

Jioni nilimsikia baba watoto akimweleza shemeji kwenye simu kwamba tangu mwanzo aliushuku ule mpira. Habari za namba moja hakuzigusa.