Mwongozo wa Mgeni Asiyejihadhari, Kasongo hadi Kabambare

Kama nia yako ni kurudi kwenu na damu ileile uliyokuja nayo, mwongozo huu haukuhusu. Umeandikwa kwa ajili ya mgeni anayeshuka Kasongo na kofia pana, daftari jipya na imani kwamba magonjwa ya hapa huwapata waoga tu.

Kuhusu mavazi: vaa buluu iliyokolea. Mbung'o wa kando ya mito huipenda rangi hiyo kiasi kwamba wanaomtega hutumia vitambaa vya buluu vilivyotiwa dawa. Ukifika mto Luama usivuke haraka. Kaa kivulini penye mitumbwi, mchana kweupe, maana mbung'o si mbu. Akikuuma utajua. Usichoweza kujua ni kama amebeba Trypanosoma brucei gambiense, kimelea cha malale. Wengi hawakibebi, kwa hiyo uwe na subira, rudi kesho. Hakuna nchi yenye wagonjwa wengi wa malale kuliko Kongo, na Maniema, mkoa tuliomo, umo miongoni mwa mikoa yake yenye ugonjwa huo.

Kimelea nacho kinajali mavazi. Kimejifunika molekuli kama milioni 10 za protini ya aina moja, zimebanana mwili mzima. Kinga yako italisoma vazi hilo, itaunda silaha zake na kuua karibu vimelea vyote. Karibu. Wachache watakuwa wameshabadili nguo, na vita inaanza upya. Wana akiba ya jeni za mavazi zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa mbovu, lakini hata vipande vya mbovu huungwa vikapata vazi jipya. Sharti ni moja: huvaliwa moja tu kwa wakati, na jeni inayovaliwa lazima ikae karibu kabisa na ncha ya kromosomu.

Mgeni makini atashangaa kwa nini hazina iwekwe pabaya hivyo. Ndani ya seli kuna mafundi wanaozunguka wakitafuta DNA iliyokatika. Wakikuta ncha tupu huidhania ni mkato, wakaiunga na ncha nyingine yoyote. Seli inapogawanyika, kromosomu hizo mbili zilizoungwa huvutwa huku na huku hadi zinararuka. Mkeka usiopindwa ukingo hauna nafuu kuliko hizo. Kwa hiyo ncha zina walinzi. Zako wewe, mgeni, zinalindwa na protini sita zinazofanya kazi kwa pamoja, kundi ambalo Titia de Lange wa New York alilipa jina la shelterini mwaka 2005. TRF1 na TRF2 hushika herufi TTAGGG zinazojirudia kwenye ncha. POT1 hukamata uzi mmoja uliobaki ukining'inia mwishoni. TIN2 na TPP1 huwafunganisha wenzao, na RAP1 humganda TRF2. TRF2 huukunja uzi ule na kuuchomeka ndani ya DNA ya nyuma yake, ncha ikawa kitanzi. Fundi akipita haoni pa kuunga.

Usidhani kimelea ni mshamba. Ncha zake zimeandikwa kwa herufi hizohizo, TTAGGG, naye ana TRF yake na RAP1 yake. Tena RAP1 wake ana kazi ya pili: kuyanyamazisha mavazi ambayo si zamu yake. Mwaka 2009 Bibo Li na wenzake walionyesha kwamba RAP1 akipungua, mavazi yaliyofungiwa hufunguka mengi kwa mkupuo, na kimelea huacha kukua. Mlinzi wa ncha ndiye huyohuyo mtunza kabati. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine pa kumshambulia adui huyu penye mantiki kuliko hapo, ila mgeni wetu hakuja kushambulia mtu.

Kuhusu malazi: chagua nyumba ya udongo iliyopasuka kuta, ulale chini. Usiku papasi atatoka kwenye nyufa, atakunyonya na kurudi zake kabla hujageuka ubavu. Hapa una mtangulizi mashuhuri. Joseph Everett Dutton wa Liverpool ndiye aliyekitambua kimelea cha malale katika damu ya mtu huko Gambia, akakipa jina mwaka 1902. Baadaye alikuja Kongo ya Leopold na John Lancelot Todd kuchunguza malale. Mbung'o hakumuua. Aliumwa homa ya papasi, ambayo pia alikuwa akiichunguza, akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Bakteria wa homa hiyo sasa anaitwa Borrelia duttonii.

Bakteria wengi wana kromosomu ya duara, hawajui shida ya ncha. Jamii ya Borrelia wana kromosomu iliyonyooka, lakini hawakuajiri walinzi sita. Kimeng'enya kimoja tu huziunga nyuzi mbili za DNA kila mwisho, isibaki ncha ya kulinda. Ubahili wa namna hiyo napenda.

Kuhusu afya baada ya safari: uvimbe ukitokea kisogoni, upuuze. Ukianza kusinzia mchana na kukesha usiku, lalamikia barabara ya Kabambare. Juu ya yote, wakwepe wahudumu wanaozunguka vijijini kupima damu ya kidole, maana wakikugundua starehe imekwisha. Zamani ungeweza kupewa melarsoprol, dawa ya aseniki iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Sasa kuna fexinidazole, vidonge vya siku 10, iliyojaribiwa chini ya daktari wa Kikongo Victor Kande na kuidhinishwa nchini mwaka 2018. Dawa hiyo hutaka kumezwa kukiwa na chakula tumboni. Mama mwenye nyumba akikuletea ugali na sombe, basi, mwambie umeshiba.