Sabuni, Mikanda na Mzee wa Getini

Mkanda wa mashine ukilegea hulia, tena hasa asubuhi mota inapowashwa. Hulia kama mbuzi aliyekanyagwa, kisha mwendo ukikolea hunyamaza. Kilio hicho nakijua, maana miaka sita nilikula mkate wake Dar es Salaam, nikihudumia zile mashine kubwa za kupoza hewa zinazokaa juu ya mapaa ya majengo. Basi niliporudi nyumbani Igunga, nikasikia kiwanda kimoja cha kuchambua pamba (jina nalificha, kazi bado naitaka) kinatafuta mtu wa kutunza feni zake, nilikubali kabla meneja hajamaliza kuuliza. Feni ni feni.

Kumbe ya pamba ina makuu. Pamba yenye mbegu haiingizwi mashineni kwa mikono. Huvutwa na bomba, kama mtu anavyonyonya soda kwa mrija, na mwenye kunyonya ni feni. Feni ikichoka, pamba inakwama kwenye kona ya bomba na kiwanda kizima kinakaa kuangaliana. Nasi tulikuwa mwezi wa saba, maroli yamepanga foleni na vumbi la mbuga ya Wembere limetupaka wote rangi moja.

Siku ya kwanza ya msimu bomba likawa linavuta kwa unyonge. Nikasimama mbele ya meneja, nikasema neno moja tu, la kidaktari: "Mikanda." Na kweli iling'aa ubavuni kama viatu vya bwana harusi, dalili kwamba inateleza. Ilikuwa minne, nikaagiza minne. Mikanda ya seti hubadilishwa yote kwa mpigo. Ukichanganya mpya na mikuukuu, huo mpya utabeba mzigo peke yake, kama yule mjukuu mmoja wa ukoo aliyepata ajira.

Nikampigia muuzaji Kariakoo: C, 120. Herufi ni unene, namba ni urefu kwa inchi. Mtandao ulikuwa wa kukatikakatika, na kwenye simu ya namna hiyo "si" na "bi" ni mapacha. Konda wa basi aliponikabidhi kifurushi usiku pale stendi, ndani mlikuwa na mikanda ya B, yenye upana wa milimita 17 badala ya 22. Ilizama kwenye puli kama mguu wa mtoto ndani ya buti la baba. Babu zetu Wanyamwezi walibeba frasila mbili mbili begani, kilo 30 na ushee, kwa miguu kati ya huku na Bagamoyo, na mzigo ukafika. Mimi kifurushi kilichopanda basi kilinishinda.

Siku mbili baadaye ikaja ya C. Hapo nilifanya kazi kwa kuringa. Nikaisogeza mota, mikanda ikavaliwa bila kuchokonolewa na bisibisi. Nikavuta uzi mbele ya puli zote mbili kuhakikisha zimekaa mstari mmoja. Tukawasha. Unyonge uleule. Na kabla ya saa sita mchana mbuzi akaanza tena kulia.

Mikanda mipya hulegea saa za mwanzo, inatakiwa kukazwa tena. Hilo nalijua. Lakini kijana mmoja alikuwa amesimama na kipande cha sabuni ya mche, watu wamejaa, meneja anatazama saa, nami nikaona sabuni iko karibu kuliko spana. Tukapaka. Kilio kikakoma palepale, nikapigiwa makofi. Baada ya dakika kumi kiwanda kikanuka kama sare za shule zilizoungulia kwenye sufuria.

Jioni nikapita getini kichwa chini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Hilo gurudumu mliligeuza lini?"

"Kuligeuza?"

"Mwaka jana lilikuwa linazunguka kuja getini. Mwaka huu linakwenda mzanini."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyetoka Dar, kwamba feni ikizunguka kinyume ingetema pamba badala ya kuivuta. Maneno yakaniishia mdomoni. Feni ya namna ile, yenye mapanga ndani ya kasha la umbo la konokono, ukiigeuza haigeuzi upepo. Upepo unaendelea kwenda kulekule, ila dhaifu. Nilifundishwa hivyo wiki yangu ya kwanza ya ufundi! Na mota ilikuwa imesukwa upya wakati wa masika.

Nikachukua kitambaa, nikafuta grisi na manyoya ya pamba kwenye kasha. Mshale ukatokea, mwekundu, unaelekea getini.

Asubuhi nikakaza mikanda, nikabadilishana nyaya mbili kati ya tatu za mota. Kazi ya dakika tano. Tulipowasha, bomba lilivuta kwa nguvu hata likameza kofia ya kijana wa sabuni. Kwenye daftari la matengenezo niliandika "mwelekeo wa mota umerekebishwa" na kutia saini yangu peke yake.

Mikanda ya B haikurudi Kariakoo. Mmoja mzee aliukata, anafungia kuni kwenye baiskeli yake. Juzi nilimuuliza kama umekaza vizuri. Akanitazama, akaniuliza kama nimekuja na sabuni.