Jinsi ya Kushuka Lyamba lya Mfipa Ukiwa Umekaa Mezani

Kwanza tafuta meza kubwa. Karatasi ya ramani ya 1:50,000 waliyoichora Waingereza kutokana na picha za ndege haipendi kukunjwakunjwa. Ukibahatika kupata ile ya Wajerumani, ya wachoraji Sprigade na Moisel, nawa mikono. Humo Kasanga inaitwa Bismarckburg, kwa hiyo usiende stendi kuulizia basi kwa jina hilo.

Weka kidole Sumbawanga. Mwinuko ni karibu 5,900. Hizo ni futi! Usiposoma pembezoni utawatangazia watu wa Moshi kwamba mmelingana na Kilimanjaro, mita 5,895. Gawanya kwa 3.28 na upate mita 1,800, urefu wa kutosha kabisa kwa mji wetu wenye baridi.

Sasa peleka kidole kaskazini-mashariki, upite milima ya Mbizi. Polepole! Kontua zinasongana mpaka karatasi inageuka kahawia tupu, na hapo ndipo uwanda wa Ufipa unapokatika: ndiyo Lyamba lya Mfipa. Sentimita 1 ni nusu kilomita, lakini ndani ya sentimita chache tu ardhi inaporomoka karibu mita 1,000 kuelekea Ziwa Rukwa. Atakayepima njia ya kushukia Muze kwa rula atawaahidi wenyeji wake kufika kabla ya chai, nao watamngoja na ugali wa usiku. Zihesabu kontua kwanza, ndipo uahidi.

Ukitaka kujua mto unakotoka, tazama V zinazochorwa na kontua bondeni: ncha zake huelekea kwenye chanzo cha mto. Kisha ufuate mto Momba kinyume cha ncha hizo mpaka unapoingia ziwani upande wa kusini. Ziwani usibishane na mvuvi. Rukwa halina mto unaotoka, maji yake hupanda na kushuka kwa mvua na jua, na ufuko uliochorwa ni wa mwaka ule wa picha tu.

Kilicho azizi kuliko vyote ni vile vidoti vyeusi vya nyumba. Vingi ni vitongoji vilivyohamwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, na majina yake yamebaki vinywani mwa wazee wachache. Wapelekee ramani upesi, mwaka huu huu. Amkia, kaa chini, uliza kila kidoti kiliitwaje na nani alilima hapo, uandike. Tumia penseli, maana babu wa pili atamsahihisha wa kwanza, na bibi atawasahihisha wote wawili.