Tajiri wa Saini

Mume wangu hana hela. Silisemi hili kwa kumvunjia heshima. Mwenyewe hulitangaza kila mwisho wa mwezi, hasa nikigusia habari za sofa. Tunaishi Maryland, yeye anatunza wazee zamu ya usiku, mimi niko mapokezi kwa daktari wa meno, na fomu za kodi za nyumba nzima najaza mimi, kwa sababu yeye akiona tu neno makato presha inampanda.

Mwezi wa tatu, programu ya kodi ikaniuliza swali lake la kila mwaka: je, kuna mtu hapa mwenye akaunti ya fedha nje ya Marekani, au mwenye mamlaka ya kutia saini kwenye akaunti ya namna hiyo? Kidole kilishafika kwenye Hapana, mahali pake pa siku zote. Sijui nini kilinituma niulize.

"Baba Rehema, una akaunti nyumbani?"

"Akaunti nitoe wapi?" Akapuliza chai. "Labda uhesabu ile ya mama."

"Ya mama?"

"Si nilisaini baba alipofariki, ili mama asihangaike. Na ya chama cha kufa na kuzikana. Na ile ya kamati ya harusi. Lakini zile si zangu mama, mimi nasaini tu."

Mimi nasaini tu. Kwa Wamarekani maneno hayo matatu yana fomu yake, namba 114, inayojulikana zaidi kwa jina la FBAR. Inatokana na sheria ya 1970 iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaoficha fedha nchi za nje, wale wa akaunti za siri na wanasheria watatu watatu. Inasema raia au mkazi wa Marekani ambaye akaunti zake za nje, zikijumlishwa zote, zimevuka dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka, lazima aziripoti. Na zake maana yake si zenye hela yake. Ukiwa na uwezo wa kuiambia benki itoe fedha, hata kama lazima usaini pamoja na watu wengine wawili na mmoja wao yuko safarini Lindi, umo. Waliotunga sheria hii hawakuwahi kukaa kwenye kikao cha ukoo. Kwao jina la mtu liko kwenye akaunti kwa sababu kuna hela yake humo. Kwetu jina la mtu linawekwa kwa sababu amekuja likizo Desemba, amevaa vizuri, na wachangiaji wakisikia yumo wanatoa ahadi kubwa.

Dola 10,000 ni kama milioni 25 za Tanzania. Nikamwambia mume wangu atulie, hatuwezi kufika huko. Kisha nikasoma maelekezo. Kila akaunti unaichukulia kiwango cha juu kabisa ilichowahi kufika mwaka huo, halafu unajumlisha. Kwa hiyo milioni sita zikitoka kwa mama zikaenda kupumzika kwenye akaunti ya chama, zimekuwa milioni kumi na mbili. Ukishavuka mstari unaorodhesha zote, hata iliyolala. Mume wangu anayo moja iliyolala, ya mshahara wake wa kwanza akiwa karani Tanga, ina shilingi 3,200. Nayo inaingia. Maelekezo yanataka ubadilishe kwa kiwango cha Hazina ya Marekani cha tarehe 31 Desemba, kisha senti zozote zinazobaki uzipandishe hadi dola nzima inayofuata. Ilikuwa dola moja na senti kadhaa, ikawa dola mbili. Ndiyo nyongeza pekee ambayo serikali ya Marekani imewahi kumpa.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeshafika kwenye faini. Asiyeripoti bila kukusudia anaweza kupigwa dola 10,000, na kiwango hicho kinapandishwa kufuata mfumuko wa bei. Aliyekusudia anaweza kupoteza nusu ya kilichomo. Nikasoma habari za Alexandru Bittner, mzaliwa wa Romania aliyepata uraia wa Marekani kisha akarudi kwao kufanya biashara, akachelewa kuripoti kwa miaka mitano. Serikali ikahesabu akaunti moja moja kwa kila mwaka: 272, kila moja dola 10,000, jumla milioni 2.72. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2023 majaji watano dhidi ya wanne wakasema faini ni kwa kila ripoti, si kwa kila akaunti, ikashuka hadi dola 50,000. Nikamwamsha mume wangu saa nane usiku, siku yake pekee ya mapumziko, nimweleze.

"Akaunti mia mbili sabini na mbili," akasema, macho yamefumba. "Huyo naye kwao walimpenda."

Asubuhi niligundua mambo si mabaya kiasi hicho. Ripoti ya mwaka uliopita tarehe yake ni 15 Aprili, na ukichelewa muda unasogezwa wenyewe hadi 15 Oktoba bila kuomba. Hailipiwi kodi, ni taarifa tu. Tatizo lilikuwa mwaka ule mama mkwe alipouza shamba la kule mtoni, akaunti yake ikavimba hadi milioni 28 kwa wiki mbili kabla hazijagawanywa. Mwaka huo hatukuripoti. Hata hivyo, kama mapato yako yote uliyatangaza na hawajakuandikia, unatuma ripoti ya nyuma na sababu ya kuchelewa, na kwa kawaida hawakutozi faini.

Sababu zenyewe wamekuandalia kwenye orodha, unachagua. Nilisahau. Sikujua kama natakiwa. Nilidhani salio halijafika kiwango. Taarifa ya benki imepotea. Mume wangu aliisoma kwa utulivu ambao hajawahi kuuonyesha mbele ya karatasi yoyote ya serikali, akaweka kidole kwenye mojawapo: nilishindwa kupata saini ya mwenzi wangu kwa wakati.

"Hii."

"Mwenzi gani huyo?"

Akakiondoa kidole. Tulichagua sikujua.

Ikabaki kukusanya taarifa zenyewe. Kwa akaunti unayosaini tu, fomu inataka jina la mwenye mali na anwani yake. Nikampigia mama mkwe Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko?"

Nikaomba anwani. Akanipa: Muheza, ile njia ya Amani, ukivuka reli uulizie nyumba yenye mnazi ulioinama. Sanduku la posta ni la shule ya msingi, lakini mwalimu mkuu amehama na ufunguo. Akauliza ni ya nini. Hapo ndipo nilipokosea njia, nikamtafsiria jina la ofisi inayopokea fomu, FinCEN: mtandao wa kupambana na uhalifu wa fedha. Simu ikanyamaza muda mrefu, nikasikia kuku tu.

"Wanakuja lini?"

"Hawaji mama, ni karatasi tu."

"Basi wakija, wapitie kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nisionekane naletewa wageni nisiowajua."

Picha zilianza kuingia kwenye WhatsApp jioni yake. Kitabu cha benki cha mama kimepigwa picha juu ya kanga, kidole gumba cha mjukuu kimefunika tarakimu mbili za mwanzo, ambazo ndizo nilizokuwa nazihitaji. Ya chama cha kufa na kuzikana ililetwa na katibu, imepigwa muhuri kila ukurasa, hadi ukurasa mtupu. Ya kamati ya harusi haikuja. Mweka hazina wa kamati ni baba mdogo, na baba mdogo kila nikimpigia alikuwa barabarani, mtandao unasumbua. Mwisho mume wangu, akiwa mtia saini, aliiomba benki mwenyewe kwa barua pepe. Ikaja siku ya pili.

Lazima nieleze kidogo kuhusu harusi hiyo. Katika kikao cha mwisho ilitangazwa kuwa michango imefika milioni 11 na ukumbi bado haujamaliziwa. Tukapigiwa simu usiku, watu wa nje okoeni jahazi. Tukatuma. Sofa niliyoitaja pale juu ndiyo hiyo iliyotumwa. Biryani ilitosha, nisiseme uongo, ila keki ilikatwa vipande ambavyo ungeweza kuvipitisha chini ya mlango.

Sasa fomu haikuulizi salio la leo. Inauliza kiwango cha juu kabisa ndani ya mwaka. Nikapandisha kidole kwenye taarifa ya benki, Agosti, Julai mwishoni, Julai katikati. Milioni 19. Nikavaa miwani. Milioni 19, zikakaa hapo siku nne, kisha zikatoka nane kwa mkupuo mmoja, wiki moja kabla ya kile kikao cha huzuni. Watia saini wawili wanatosha, na mume wangu hakuwa mmoja wao. Nikakumbuka picha ambayo baba mdogo aliirusha kwenye kundi la ukoo mwezi ule ule, amesimama mbele ya nyumba yake, bati jipya la bluu kutoka mwanzo wa paa hadi mwisho, chini yake ameandika Alhamdulillahi. Sote tulimpongeza. Mimi niliweka maua.

Mume wangu, mtu asiyependa maneno, alikaa na simu mkononi nusu saa akitafuta namna ya kumuuliza mzee wake bila kumuuliza. Akapiga. Shikamoo zikapita, habari za mvua, habari za mgonjwa wa Korogwe. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba si yeye anayetaka kujua, ni serikali ya Marekani, wanang'ang'ania kuandikiwa kiwango cha juu kilichowahi kuwemo kwenye akaunti ya harusi, na benki imeshaleta namba, sasa alitaka tu kuhakikisha na mweka hazina kabla hajaiandika.

Baba mdogo akakohoa. Akauliza fomu hiyo inasomwa na nani. Akaambiwa. Akauliza kama inarudi Tanzania. Akaambiwa haijulikani.

"Na hapo pa kuandika kiasi," akasema taratibu, "hawajaweka kisanduku cha mtu asiyejua?"

Mume wangu akanitazama. Nikashusha ukurasa, nikaangalia. Wameweka.