Utangulizi wa Elimumguno: Uainishaji wa Sauti Zitolewazo Mbele ya Picha

Mwanafunzi wangu, zima simu, fungua daftari. Taaluma unayoingia leo, yaani elimumguno, huchunguza sauti anayoitoa binadamu aliyesimama mbele ya kazi ya sanaa bila kujua aseme nini. Wanafalaki wamepima nyota, wanajiolojia wamepima Mlima Meru ulio juu ya vichwa vyetu hapa Makumira. Mguno peke yake umeachwa upotee hewani, kisha watu wanashangaa kwa nini dunia haieleweki.

Tuanze na istilahi. Mgunaji ni mtazamaji atoaye sauti. Mguniwa (usichanganye na gunia) ni picha au kinyago kinachotolewa sauti hiyo. Muda upitao tangu mgunaji atulize miguu hadi mguno utoke huitwa kisubiriguno. Sauti itokayo kabla miguu haijatulia ni kikohozi, nacho hakimo katika somo hili.

Maabara yetu kuu ni jumba la sanaa la Cultural Heritage, pale Barabara ya Dodoma mjini Arusha, jengo lililosanifiwa kwa maumbo ya ngoma, ngao na mkuki. Watalii huyasifu maumbo hayo. Mwanaelimumguno husifu kitu kingine kabisa: ndani, njia ya kutazamia sanaa hupanda taratibu kwa kuzunguka. Kwingineko, penye ngazi, mgunaji wa makamo hutoa mguno-goti, na mtafiti mchanga huuandika kuwa ni mguno wa sanaa. Tasnifu nzima inaweza kuanguka kwa sababu ya goti moja.

Aina ya Kwanza ni Mguno-Funge: "Mh." Midomo imefungwa, hewa inapitia puani. Kiimbo kikipanda, mgunaji anatafuta bei. Kikishuka, ameiona. Wapo wanaodai kuna kiimbo bapa, cha mtu asiyejali bei hata kidogo. Kwa Arusha mimi sijakisikia.

Aina ya Pili ni Mguno-Kibandiko: "Ahaa!" Huu hauletwi na mguniwa bali na karatasi iliyobandikwa chini yake. Chukua kinyago cha Kimakonde cha ujamaa, wale watu waliobebana tangu chini hadi juu katika gogo moja la mpingo. Mgunaji atakizunguka, atakiinamia, atahesabu vichwa na kupoteza hesabu. Kisubiriguno kinarefuka hadi mlinzi anasogea. Ndipo anasoma: Ujamaa. Ahaa! Kuanzia hapo hakitazami tena kinyago. Anakitazama kibandiko, tena kwa shukrani. Mimi naiona hii kuwa aina ya hatari kuliko zote, na waandika vibandiko wana kesi ya kujibu.

Aina ya Tatu, "Loo", hutolewa mbele ya vinyago vya shetani, mtindo ambao chimbuko lake huhusishwa na mchongaji Samaki Likankoa. Huambatana na kurudi nyuma hatua moja. Hatua mbili ni kukimbia, na wakimbiaji tumewaachia wenzetu wa idara ya michezo.

Aina ya Nne ni Mguno-Kanda, "Aisee", unaostawi sana huku kwetu kaskazini. Mguniwa wake mkuu ni chui wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya hadibodi, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1972. Miaka michache tu, lakini mng'ao ule umetuachia tatizo ambalo wanahistoria wa sanaa wamelipita bila hata kuliamkia: mgunaji akisogea karibu, hujiona mwenyewe ubavuni mwa chui. Je, "aisee" hiyo ni ya nani? Ndiyo maana tunatofautisha Aisee-Chui na Aisee-Nafsi. Kipimo chake ni rahisi. Msogeze mgunaji nusu hatua kushoto, sura yake itoke kwenye rangi. Akinyamaza, ilikuwa Nafsi. Akisogea mwenyewe kurudi pale pale, ni Nafsi sugu.

Aina ya Tano, Mguno-Mjuzi, ndiyo kilele cha taaluma. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakimpelekea bi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo imo katika mkusanyo wa Museum of Modern Art, New York. Tafakari hasara hiyo, mwanafunzi wangu! Kule itaguniwa Mguno-Funge, tena wa heshima, na watu ambao hawajawahi kuonja mbege. Mzee wa Machame, au hata Mmeru wa hapa Makumira, angeinama na kuuliza kinywaji kimelala siku ngapi, nani kati ya wale ni mshenga, na kwa nini watu wazima watembee na mzigo kama ule gizani wakati njia za mgombani kila mtu anazijua zilivyo na utelezi. Sauti hiyo imekomaa ikawa maneno, lakini mzizi wake ni mguno. Elimumguno inadai mzee mmoja asafirishwe New York kwa gharama za serikali, akae mbele ya ile picha na daftari, apewe na kiti.

Ukimya nao? Nauita mguno-sufuri. Tuendelee.

Zoezi. Panda daladala hadi mjini, unganisha hadi Barabara ya Dodoma. Simama karibu na kazi tatu tofauti, uandike aina, kiimbo na kisubiriguno cha kila mgunaji apitaye. Wewe mwenyewe usigune. Mtafiti akiguna, data zimechafuka. Miguno iliyonakiliwa kwa jirani haitasahihishwa, na atakayeniletea "waoo" arudie mwaka wa kwanza.