Unga Uliotoroka Juu ya Friji

Abrahamu alikuwa mkarimu, sina ubishi. Lakini isome vizuri Mwanzo sura ya 18. Wageni watatu wanatokea wakati wa jua kali, mzee anakimbia kuwalaki, anawaahidi kipande cha mkate wapate nguvu za safari, kisha anaingia hemani mbio kumwambia Sara akande upesi vipimo vitatu vya unga safi. Wanaochambua vipimo vya Biblia wengi wao hukadiria kwamba vipimo vitatu vya wakati ule ni lita 20 na ushee. Yaani debe. Kwa wageni watatu! Mzee kaahidi kipande, bibi kakanda debe. Tangu niolewe, kila sura hiyo inaposomwa kanisani, namtazama baba watoto kwa pembe ya jicho.

Yeye hajui kwa nini. Au anajua.

Jumuiya yetu hapa Mbagala ina somo Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, ambaye sikukuu yake ni Novemba 17. Jumamosi iliyo jirani na tarehe hiyo Padre huja kutuadhimishia misa nyumbani kwa mmoja wetu, na baada ya misa watu hula. Mwenyekiti alipouliza safari hii tutakuwa kwa nani, kila mtu akawa na shughuli na kitabu chake cha nyimbo. Baba watoto akanyoosha mkono. "Karibuni kwetu," akasema, "chai na kitafunwa havitakosekana." Makofi yakalia, wimbo ukaanzishwa, nami nikapiga makofi pamoja na wenzangu huku nikihesabu vichwa.

Kwa asiyezijua jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi mwaka 1976 wakakazia kwamba Kanisa lianze mtaani, nyumba chache zinazofahamiana, watu wasome Injili pamoja, wajue nani anaumwa na nani kafiwa. Uamuzi mzuri sana. Nimenufaika nao, nimezikiwa nao wazazi. Sijui tu kama kati ya waliokaa kwenye meza ile alikuwapo hata mmoja aliyewahi kuchemsha chai ya watu hamsini.

Hata hivyo nilikuwa na mpango wangu. Mimi huoka keki za oda: kipaimara, komunyo ya kwanza, send-off, birthday za watoto. Nina oveni ya umeme niliyoinunua Kariakoo baada ya kucheza vikoba hadi nikachoka, na naitunza. Shilingi elfu moja ya LUKU haifikishi yuniti tatu, na oveni ya kilowati mbili ikivuta umeme mfululizo inameza yuniti mbili kwa saa, kwa hiyo siiwashi ovyo. Nilipanga keki moja kubwa yenye jina la somo kwa krimu ya bluu, na maandazi ya kutosha. Mambo yangeishia hapo.

Ndipo mama mkwe akapiga simu kusema yuko njiani.

Anatoka Songea, zaidi ya kilomita 900 kwa basi, na alishuka Mbezi usiku akiwa na ndoo ya mahindi mabichi, kuku mmoja hai na pakiti za hamira, kana kwamba Dar es Salaam hamira haijafika. Usichana wake aliupitisha Peramiho, kwenye misheni ambayo Wabenediktini waliianzisha mwaka 1898, na masista wa huko ndio waliomfundisha kuoka mkate kwenye tanuri la matofali. Mkate wake ni mkate kweli, una ganda linalolia ukilibonyeza. Keki haiheshimu. Kwake keki ni sukari iliyovaa gauni.

"Huyu Elizabeti wenu ni somo wa waoka mikate," akaniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Waoka mikate, mwanangu. Mnataka kumpa krimu?"

Hapo alikuwa na haki, ingawa sikumwambia. Elizabeti alizaliwa mwaka 1207, binti wa mfalme, akaolewa Ujerumani, na njaa ilipobisha mwaka 1226 alifungua ghala za ngome akagawa nafaka wakati mumewe yuko safarini. Watumishi wakamshitaki kwa bwana aliporudi, naye bwana akasimama upande wa mkewe. (Somo la waume hilo, lakini mahubiri yake sijawahi kuyasikia.) Hadithi inayopendwa zaidi ni ile ya mikate aliyoificha ndani ya joho awapelekee maskini, aliposimamishwa aonyeshe alichobeba, joho likafunguka likiwa limejaa mawaridi. Alifariki mwaka 1231 akiwa na miaka 24 tu.

Ijumaa saa nne usiku, mvua ya vuli ikipiga bati, Mama akakanda. Beseni kubwa la kufulia nguo za watoto, likiwa limesuguliwa, likajaa nusu. Akalifunika kitambaa, akatafuta pa kuliweka ambapo panya hawafiki, akalipandisha juu ya friji.

"Mama," nikasema kwa adabu, "huku kwetu kuna joto. Utaumuka mapema."

"Mwanangu, mimi nilikanda mkate kabla mumeo hajazaliwa."

Hoja hiyo, ikitoka kwa mkwe, haina jibu. Lakini hoja ya hali ya hewa ilikuwapo palepale. Peramiho iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, usiku wake una ubaridi, na kwenye ubaridi hamira hujivuta. Unga hukesha ukiinuka polepole na asubuhi unaukuta umefika ukingoni mwa beseni, umetulia. Chini ya bati la Mbagala mwezi Novemba hakuna kutulia. Na juu ya friji, ambapo joto la mtambo hupanda kwa nyuma saa ishirini na nne, hamira ilikuwa imepewa kila kitu inachokitaka duniani.

Saa kumi alfajiri nilikuwa jikoni. Oveni inapata moto, mayai yamepigwa, sukari na siagi vimeshakuwa vyeupe, unga na beking pauda vimeingia, iliki imo. Binti yangu mdogo akaja kunywa maji, akasimama mlangoni, akasema bila haraka yoyote, "Mama, unga wa bibi unashuka."

Ulikuwa unashuka kweli. Ulikuwa umeinua kitambaa, ukamwagika pande zote, na upande wa nyuma ulikuwa umeufuata ukuta hadi ulipoikuta ekstensheni iliyotundikwa kwenye msumari. Nilifika hatua moja tu. Ikalia paa, soketi ikatoa cheche na moshi, nyumba ikawa giza. Chumbani nikamsikia Mama akimtaja Bikira Maria. Baba watoto akatoka na tochi ya simu, akatumulika mmoja mmoja, akauliza, "Umeme umekatika?"

Hakuna aliyemjibu.

Swichi kubwa ikagoma kupanda. Fundi tuliyempigia akasema waya wa jikoni umeungua, tusiguse kitu, atakuja mvua ikipungua na maduka ya vifaa yakifunguliwa. Hiyo kwa fundi maana yake ni mchana, Mungu akipenda. Nami nimesimama na bakuli la keki ambayo tayari imeshachanganywa, na beking pauda ikishaguswa na majimaji haimngoji fundi. Inaanza kazi yake hapohapo, na ikimaliza imemaliza. Ukichelewa unaoka tofali.

Katika Luka 11 kuna mtu anayekwenda kugonga kwa rafiki yake usiku wa manane kuomba mikate mitatu, kwa sababu amefikiwa na mgeni na hana kitu. Rafiki anamjibu kutoka kitandani: mlango umefungwa, watoto wamelala, usinisumbue. Mfano ule mzuri, ila ni wazi kwamba mtaa ule haukuwa na jirani anayeuza vitumbua. Wa kwetu, Mama Kulwa, huamka saa tisa usiku, na kupitia upenyo wa ukuta nilikuwa naliona jiko lake likiwaka.

"Hodi, Mama Kulwa."

"Karibu. Jamani, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna keki."

Alisikiliza huku akigeuza vitumbua vyake, akamwachia binti yake kijiti, akaja na jiko la pili likiwa linawaka kabisa. Aliliangalia bakuli langu, akachovya kidole, akaonja. "Hii tunaifanya kama mkate wa kumimina," akasema. "Paka sufuria mafuta, moto kidogo chini, mwingi juu." Akachota makaa akayapanga juu ya mfuniko kwa utulivu wa mtu anayepanga vikombe.

Mama mkwe akatokea mlangoni na kanga yake na rozari mkononi. Alisimama akiangalia yale makaa juu ya mfuniko.

"Shikamoo, bibi," akasema Mama Kulwa.

"Marahaba. Nani kakufundisha moto wa juu?"

"Bibi yangu, Kilwa."

"Sisi tulikuwa tunaoka hivyo tanuri la masista likijaa." Akasogea karibu. "Lakini wewe chini umeweka mwingi mno."

"Umepungua huo, bibi. Subiri uone."

Tangu hapo sikuwa na nafasi jikoni kwangu. Wawili hao, mmoja wa misheni na mwingine ambaye adhana ya alfajiri ilipolia alikwenda kuswali na kurudi, walibishana juu ya makaa hadi kukapambazuka. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba bibi yake, au sista wake, ndiye aliyekuwa sahihi. Najua kwamba serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mimi ni mfuasi wake wa dhati, niulizeni kuhusu oveni yangu. Asubuhi ile hakuna aliyeniuliza.

Ukabaki ule unga. Uliobaki kwenye beseni ulikuwa umelegea, una harufu ya uchachu, ukiuvuta unakatika. Mimi ningeutupa. Mama hakutaka kusikia neno hilo, chakula hakitupwi. Unga ukichacha unalishwa, akasema, unaongezewa unga mpya, chumvi na sukari, unakandwa upya, unarudi. Ni kweli unarudi. Ila unarudi ukiwa mwingi mara mbili. Baba watoto akatumwa dukani kwenye tope kununua ngano, akarudi, akaambiwa haitoshi, akatumwa tena. Abrahamu wangu alipomaliza kazi hiyo suruali ilikuwa na tope hadi magotini, na mbele yetu kulikuwa na unga ambao ukiuliza ni kiasi gani nitakujibu bila kupima: debe.

Jiko moja halioki debe. Mama Kulwa akatuma watoto, na habari ikapita uani kwa uani kwamba kwa Baba nanihii kuna mikate haina moto. Zikaja sufuria na mifuniko yake, masinia, majiko ya mkaa, jiko la gesi la mwalimu wa shule aliyepanga nyumba ya nyuma. Vingine vilichukua madonge vikaondoka nayo, mikate ikaokwa mtaa mzima, kwa walokole, kwa Walutheri, kwa Waislamu, kwa mzee mmoja ambaye haendi popote. Saa tisa ilianza kurudi, mingine mizuri ajabu, mingine imeungua makalio.

Padre alifika saa kumi juu ya bodaboda, koti la mvua limemfunika na mkoba wa misa kifuani. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina." Turubai likavuja palipotakiwa na pasipotakiwa. Meza ya altare, kitambaa cheupe, mishumaa miwili iliyokuwa ikiwashwa upya kila upepo ulipopita. Akafungua kisanduku chake cha hostia, ngano na maji basi, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri nilitazama kitu kilichookwa bila kuwa na wasiwasi. Mkate pekee ambao haukutusumbua siku ile ni ule usio na hamira.

Maombi ya waamini yaliombea wagonjwa, wafiwa na mvua ya kiasi. Mwenyekiti akaongeza fundi umeme, ambaye alikuwa bado jikoni na bisibisi, akaitikia "utusikie" pamoja na wote ingawa si muumini wa kwetu.

Keki ikaletwa. Upande mmoja ulikuwa umeiva rangi ya dhahabu, na upande wa pili, ambapo akina mama wale wawili walipishana zaidi, ulikuwa mweusi ikabidi ukatwe. Nafasi iliyobaki ya kuandika kwa krimu ilitosha herufi tano. Mwenyekiti akatangaza kwa sauti kwamba sasa tunakata keki ya Eliza, na kuna mtoto alilia akisema naye anaitwa Eliza, hakuambiwa kama ni birthday yake. Tukamlisha kipande cha kwanza, baada ya Padre.

Padre alikula mkate zaidi ya keki. Akauliza nani ameuoka. Mama akasimama, akanyoosha kanga.

"Ya Elizabeti iligeuka mawaridi, Baba," akasema. "Ya kwangu iligeuka gundi nyuma ya friji. Kila mtu na neema yake."

Watu walikula, wakafungiwa, wakaondoka na mikate kwapani, na bado mingine ikabaki. Fundi akapandisha swichi saa moja usiku, taa zikawaka, tukauona ukuta wa jikoni kama ulivyo. Oveni haikuwa na tatizo lolote. Baba watoto alikuwa akianza kuniambia jinsi jumuiya ilivyofurahi na kwamba tunaweza kabisa kuwakaribisha na wakati wa Krismasi, alipoona ninachokitazama.

Sufuria. Za watu, zimejaa sakafu nzima, na masinia, na mifuniko ambayo haijulikani ipi ni ya ipi. Zote zilipaswa kurudi kwa wenyewe, na kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Mikate hatungeweza kuwarudishia, wao ndio walioioka.

"Maandazi," nikasema.

"Mkate wa maziwa," akasema Mama, na tayari alikuwa anapekua mfuko wake. "Hamira ipo. Songea nitakwenda wiki ijayo. Nipe lile beseni, mwanangu."

Nilimpa. Lakini nilimwambia tunakanda alfajiri, si usiku, na beseni litalala chumbani kwangu.